Kuomba na Kusalimu: Sala ya Mtu Mmoja Katika Miteremko ya Kilimanjaro

Sisi tuliokulia Moshi tulihadithiwa utotoni kwa nini Mawenzi ana mapengo. Hapo kale Kibo na Mawenzi walikuwa majirani, kila mmoja na moto wake. Siku moja moto wa Mawenzi ukazimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Kibo alikuwa akitwanga ndizi kavu. Akampa kaa la moto, akamwongezea na ndizi za kula. Mawenzi alipofika njiani akalizima kaa lile makusudi, akarudi kuomba tena. Akapewa tena, na ndizi juu yake. Aliporudi mara ya tatu Kibo akaghadhibika, akamkamata, akampiga kwa mchi. Majeraha yale ndiyo tuyaonayo hata leo tukitazama kutoka mjini: Kibo amekaa ametulia chini ya barafu yake, na Mawenzi, mwenye mita 5,149, amesimama upande wa mashariki akiwa amevunjika vunjika kama chungu kilichoanguka.

Kwa miaka mingi niliitumia hadithi hiyo darasani nikifundisha kitenzi *kuomba*. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha asili cha kumwendea jirani na kingine cha kumwendea Mungu. Mtu huomba chumvi, huomba kazi, huomba radhi, huomba Mungu. *Kusali*, *kuabudu*, *dua*, hata *kusihi*, yote ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu. *Kuomba* tulizaliwa nalo, sisi na Wabantu wenzetu wengi. Basi nilizoea kuwauliza wanafunzi: ikiwa kuomba ni kule kule, je, Mungu naye huudhika na mtu anayerudi mara ya tatu? Walicheka, nami nikacheka nao, kisha tukaendelea na vinyambuo. Tangu nistaafu swali lile limekuwa likinirudia, na sasa silicheki tena.

Kinachonisukuma kuandika ni dhana moja niliyoisikia mara nyingi, makanisani na hata katika vyumba vya walimu. Husemwa kwamba sala ya nafsi, yaani mtu mmoja kumwendea Mungu wake kama mtu amwendeavyo mtu, ni jambo jipya katika mlima huu: babu zetu walitambika tu kwa makundi, na wamisionari, au baada yao watu wa Uamsho, ndio waliotufundisha kusema na Mungu ana kwa ana. Naona dhana hiyo ni kosa, na kosa hilo kwa sehemu kubwa ni la lugha.

Tuanze na yaliyoandikwa. Mambo ya zamani ya Wachagga tunayapata kwanza kwa kalamu za wageni: Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, aliyefika mwaka 1902 na kuandika kurasa zisizohesabika, na Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza, aliyetoa kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924. Lakini nyuma ya kalamu hizo walikuwapo wenyeji. Nathaniel Mtui wa Marangu, mwalimu aliyefariki mwaka 1927, alijaza daftari baada ya daftari habari za wamangi na koo. (Walimu wa shule wa nchi hii wameandika historia zaidi kuliko wanavyosifiwa; hilo nalisema bila haya.) Na mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alitoa kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Tazama neno alilolichagua: si kuzimu, si mbinguni, bali *ahera*. Mchagga anaeleza makao ya wafu wake kwa neno lililopanda mlima kutoka pwani, wala halimkwazi msomaji yeyote.

Katika maandishi hayo yanayochukua nafasi kubwa ni matambiko. Mzee wa ukoo husimama, mbuzi akachinjwa, mbege ikamwagwa, majina ya waliotangulia yakatajwa kwa mpangilio. Jani la sale, ambalo hata leo hutumika kuomba msamaha usioweza kukataliwa, liko karibu. Na lugha ya tambiko ni lugha ya *sisi*: ng'ombe wetu, watoto wetu, mvua yetu. Mtu mmoja mmoja hasikiki. Aliyesoma hapo akafunga kitabu, bila shaka atasema kwamba sala ya nafsi haikuwapo.

Ila juu ya wahenga alikuwapo Ruwa. Neno hilo hilo ni Mungu na ni jua, jambo lililowafanya wageni kadhaa kudhani kwamba Wachagga waliabudu jua, nao wazee wakalikana. Ruwa hakuchinjiwa mara kwa mara kama wahenga. Alikimbiliwa pale wahenga waliposhindwa. Lakini alikuwa na saa yake. Alfajiri mtu mzima alipoamka alitoka nje, akatazama juu, akatema mate kidogo kuelekea kunakopambazuka, akasema maneno machache ya kumtaka Ruwa amlinde siku ile. Mate, kwa asiyejua, ni dharau. Kwetu yalikuwa baraka, kama yalivyo hata leo kwa jirani zetu Wamasai. Hapakuwa na mbuzi hapo, wala mzee wa ukoo, wala mashahidi. Kwa kuwa halikuwa na shughuli, jambo hili halikupewa kurasa nyingi. Mgeni mwenye daftari huandika penye ngoma.

Mimi nililiona. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mlutheri aliyebatizwa, mwenye kadi ya usharika na kiti chake cha kawaida kanisani. Katika miaka ya 1960, nilipokuwa mdogo, nililala nyumbani kwake nyakati za likizo. Kabla hakujapambazuka alikoka moto, akatoka, akasimama mlangoni pa jiko akitazama juu kupitia migomba. Mate yalikuwa yamekwisha kuachwa au yamebaki kama pumzi tu. Maneno hayakuachwa, yalikuwa ya Kichagga, mafupi, na hayakufanana na yale ya kitabu cha kanisani. Nikamwuliza siku moja, "Bibi, unaomba nini?" Akanijibu kwamba haombi kitu, anamsalimu. Alitumia neno la kumsalimu mtu mzima uliyekutana naye njiani. Kisha akanituma maji.

Jibu lile sikulithamini mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenyewe. Kwa sikio la Mswahili *sala* na *salamu* ni kama mtu na ndugu yake, ingawa katika Kiarabu yametoka katika mizizi miwili mbalimbali, na herufi zake za mwanzo si moja. Bibi hakujua Kiarabu, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Lakini alikuwa amelijibu swali langu la darasani kabla sijaliuliza. Kosa la Mawenzi halikuwa kuomba mara tatu. Mawenzi hakwenda hata mara moja kumjulia hali Kibo.

Sasa waje wamisionari. Wa kwanza, Johannes Rebmann, aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848, akitokea Rabai karibu na Mombasa, mwavuli mkononi. Aliyeuongoza msafara wake alikuwa Mswahili aitwaye Bwana Kheri, na lugha aliyoitegemea katika safari ile ilikuwa Kiswahili. Napenda kulikumbuka hilo kila nisikiapo kwamba Kiswahili kililetwa mlimani na serikali. Waanglikana walifungua kituo Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1885, wakaondoka 1892 baada ya vita vya Wajerumani na Mangi Meli. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa na watu wa Alsace, walikwisha kuingia Kilema, wakaenda Kibosho na baadaye Rombo. Mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig walianza Machame kwa Mangi Shangali, kisha Mamba, kisha Moshi ya juu, tuiitayo leo Old Moshi. Dini ya mtu ikategemea zaidi ni mgeni yupi aliyepokewa na mangi wake. Mpaka leo swali letu *Unasali wapi?* haliulizi habari za sala hata kidogo. Huuliza dhehebu, na mara nyingi, kwa anayejua kusikiliza, huuliza pia kijiji.

Wapenzi wa lugha watakubali kwamba jambo lililotokea hapo katika viwakilishi ni la ajabu. Mkatoliki wa Kifaransa wa wakati ule alimwambia Mungu *vous*, kama mtu amwambiavyo mkubwa asiyezoeana naye. Katika Baba Yetu yao desturi hiyo haikubadilika mpaka mwaka 1966. Padre yule akija Kilema, akafunga kitabu chake cha Kifaransa na kufungua kinywa kwa Kiswahili, hakuwa na njia ila kusema *wewe*. Kiswahili hakina *wewe* mbili. Mangi ni wewe, mtoto ni wewe, Mungu ni wewe. Heshima yetu haikai katika kiwakilishi. Hukaa katika shikamoo, katika jina la undugu, katika namna ya kusimama. Mjerumani hakupata taabu hiyo, kwani yeye na Mungu wake walikuwa wakiambiana *du* tangu zamani. Kwa hiyo ukaribu ambao tunaambiwa tulifundishwa, baadhi ya walimu wetu waliukuta katika sarufi ya lugha waliyokuja kujifunza.

Walutheri wa Leipzig hawakupenda kusali kwa Kiswahili. Walitaka lugha ya mama, wakalichukua jina Ruwa, na huko Machame Iruva, wakaliweka katika tafsiri zao. Kwa hilo nawashukuru. Wengine walihofia Kiswahili kwa sababu ya Uislamu. Hata Karl Roehl, aliyekubali kukifanyia kazi, alijitahidi katika Biblia yake iliyotoka mwaka 1937 kuyaepuka kadiri awezavyo maneno yenye asili ya Kiarabu. Ni kazi ya mtu mwenye bidii kubwa, lakini kila nilipoisoma nilihisi nimeingia nyumba iliyotolewa nusu ya vyombo. Biblia ya muungano ya mwaka 1952 ilivirudisha, na ndiyo iliyokaa midomoni mwa watu.

Gutmann anastahili kukaa nasi kidogo zaidi, maana yeye ndiye aliyelitazama swali letu kwa uzito kuliko wageni wote. Akiwa mchungaji wa Old Moshi, aliamini kwamba mtu aliyeng'olewa katika ukoo wake, ujirani wake na rika lake si mtu kamili, na kwamba Ulaya ilikuwa inakufa kwa ugonjwa huo. Hivyo akaujenga usharika juu ya mafungamano hayo: vijana waliandamana kwa marika hadi kipaimara, majirani wakawa walinzi wa imani ya majirani. Kwake mtu aliyemwendea Mungu peke yake, akiwaacha ndugu nyuma, alikuwa hatarini. Nimesoma habari zake kwa heshima na kwa mashaka. Aliwapenda Wachagga kuliko wakoloni wengi, lakini aliwapenda wakiwa kundi. Sijui kama angemwona bibi yangu mlangoni pa jiko angeandika lolote.

Mwaka 1920, baada ya vita, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Gutmann naye aliondoka, akarudi miaka mitano baadaye. Waamerika wa sinodi ya Augustana walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache, na kwa muda mrefu sharika ziliongozwa na walimu wenyeji. Wakati huu haujapewa haki yake. Mwalimu wa kijiji, mwenye elimu ya miaka michache, akijikuta mbele ya mgonjwa usiku, ukurasa wa kitabu haumfai. Husema maneno yake. Kama kuna mahali sala ya Kikristo ya Kichagga ilipojifunza kutembea bila fimbo, nadhani ni hapo.

Ndipo ukaja Uamsho. Chimbuko lake ni Gahini, Rwanda, na Kampala, ambako mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana na kusali pamoja. Ulipita Uganda na Kenya, ukaingia Bukoba, na kufikia baada ya vita vya pili ulikwisha kupanda miteremko yetu, ukiwa na wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza, ambao wazee wa Marangu wasiojua neno jingine la Kiganda waliuimba kwa machozi. Watu hawa walileta nafsi ya kwanza umoja. *Nimeokoka. Nilikuwa mwizi wa mahindi ya shamba la kanisa. Nimesamehewa.* Mtu alisimama mbele ya wenzake, akataja dhambi yake na siku yake. Katika jamii iliyozoea mzee wa ukoo kusema kwa niaba ya wote, mwanamke kijana kusimama na kusema *mimi* mbele ya baba mkwe wake lilikuwa jambo zito, na ziko nyumba zilizogawanyika kwa sababu yake. Josiah Kibira wa Bukoba, mtu wa Uamsho aliyekuja kuwa askofu, aliandika mwaka 1974 kitabu juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu. Kwa maoni yangu ni jibu la Mwafrika kwa hofu ya Gutmann: kwamba waliookoka nao waliunda ukoo, wakaitana ndugu, wakalindana.

Siupunguzii Uamsho sifa yake. Nasema tu kwamba ulichokileta hakikuwa mtu kusema na Mungu peke yake, bali mtu kusema mbele ya watu kwamba anasema na Mungu. Mambo hayo mawili si mamoja.

Washairi mtanikumbusha kwamba pwani ilikuwa na tofauti hizi zamani. Mwislamu hutenganisha *sala*, yenye nyakati tano, viungo vyake na Kiarabu chake, na *dua*, ambamo mtu huinua mikono akasema kwa lugha yake. Na liko neno la tatu, ambalo walimu wa shule tumelisahau: *munajati*, mnong'ono wa siri baina ya mja na Mola wake, ambao washairi waliufanya kuwa aina ya utungo. Kiswahili hakikuwa maskini wa msamiati wa ukaribu. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hausemeshi umma. Anausemesha moyo wake mwenyewe. Mjini Moshi, ambako adhana na kengele husikilizana, ningetamani Wakristo tuliazime neno hilo. Tumekwisha kuazima *sala* na *ibada* na *ahera*. Moja zaidi halitatuvunja mgongo.

Natamani hivyo kwa sababu ya ninayoyasikia siku hizi. Maneno ya nafsi nayo yamekuwa kitabu. Kijana akisimama kuomba "kwa maneno yake" naweza kuyatabiri maneno hayo hadi mwisho, pumziko kwa pumziko. Na kitenzi kimebadilika. Katika mikutano ya viwanjani sisikii sana *naomba*. Nasikia *naamuru*, *nakataa*, *pokea*. Mwalimu wa sarufi hawezi kulipita hilo kimya. Anayeamuru hana haja ya kusalimu. Hata Mawenzi, pamoja na ujanja wake wote, aliomba. Kinyambuo ninachokikumbuka kwa huzuni ni *kuombea*: katika silabi hiyo moja iliyoongezwa kulikuwa na nafasi ya jirani, mgonjwa, na mtoto aliye mbali.

Mama yangu alifariki akiwa na umri mkubwa. Katika majuma ya mwisho Kiswahili kilimwacha chote, kikabaki Kichagga. Wajukuu zake, wanangu, waliozaliwa mjini na kusoma vizuri, walikaa kando ya kitanda wasielewe. Alfajiri moja alifumbua macho akasema maneno machache akielekea dirishani. Binti yangu aliniuliza, "Bibi anaomba nini, baba? Anataka maji?" Nilimwambia bibi hataki kitu. Akataka nimtafsirie neno kwa neno, nikajaribu, nikakwama katika neno la kwanza, kwa kuwa nje kulikuwa kunapambazuka na sikuweza kumwambia kwa hakika kama bibi yake alikuwa amesema Mungu au jua.